Barua kwa Rehema, kuhusu mti

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto hawajambo? Na Baba Shamsa, mguu umepona? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Najua nimekaa kimya mno, hata Zuhura kaniandikia kuuliza kama bado nipo duniani. Haya mafunzo ya chai yanakula siku nzima: asubuhi shambani, mchana kiwandani kwenye majani yanayonyaushwa, usiku ripoti. Ila leo nina jambo, na anayeliweza ni wewe uliyeko Dar, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Huku Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu, na pombe haiuzwi siku hiyo. Ule wa Juni wanauita Poson. Wanamkumbuka Mahinda, mtoto wa mfalme Ashoka wa India, aliyeleta dini ya Buddha kisiwani zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mama mwenye nyumba, sote tunamwita Amma, akasema siondoki nchini mwao bila kufika Anuradhapura. Akanipa nguo nyeupe, tukapanda basi usiku pamoja na majirani zake. Mama asije akasikia akadhani nimebadili dini! Nilikwenda kwa heshima ya mgeni, na swala zangu ni zilezile.

Anuradhapura ulikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, na ukubwa wa mji unauona kwenye stupa zake, yaani yale majengo yao matakatifu yenye umbo la kuba. Ile ya Jetavanaramaya ni mlima wa matofali. Ilipojengwa ilifika kama mita 122, na enzi hizo majengo marefu kuliko hilo yalikuwa piramidi kubwa za Misri. Nilisimama chini yake shingo ikaniuma. Lakini sikuandikii kwa ajili ya matofali, Rehema. Nakuandikia kwa ajili ya mti.

Wanauita Jaya Sri Maha Bodhi. Ni wa jamii ya mikuyu. Buddha alipata mwangaza akiwa ameketi chini ya mti huko Bodh Gaya, India, na dada yake Mahinda, Sanghamitta, ndiye aliyeleta tawi la mti ule kwa meli. Mapokeo yao yanasema lilipandwa mwaka 288 kabla ya Kristo. Ule wa India ulishakufa, na uliopo pale sasa ni wa kupandwa upya. Huu wa Anuradhapura bado uko hai. Nilitegemea shina la kushikana mikono watu kumi, kumbe ni mti mwembamba, umeinama juu ya jukwaa la mawe, na matawi yake yameegemezwa kwenye nguzo za rangi ya dhahabu, kama mzee anayeshikiliwa na wajukuu. Kuna ukuta uliojengwa karne ya 18 kuwazuia tembo wa porini wasiule. Tembo, Rehema! Mji ulikuwa umemezwa na msitu, wafalme walishaondoka siku nyingi, na bado watu walibaki wakiulinda mti.

Na si tembo peke yao. Mwaka 1985, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji wa LTTE, waasi wa Kitamil, waliingia mjini wakaua watu 146, wakiwemo mahujaji waliokuwa wakisali hapo hapo. Amma alinisimulia hayo kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kukunja petali za yungiyungi lake moja moja kwa ndani mpaka ua likafunguka vizuri, akaliweka mezani mbele ya mti. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu nyembamba, hata upepo mdogo unayachezesha. Hakuna anayeyachuma. Watu wanakaa mchangani, miguu mitupu, macho juu, wakisubiri jani lianguke. Likianguka, mwenye bahati analiokota kwa mikono miwili na kulilaza katikati ya kitabu chake cha sala.

Sasa ndiyo nafika kwenye shida yangu. Nilimwambia Amma kwamba na sisi Dar tuna mti wa Bodhi, pale kwenye hekalu la Wasinhala, watu wa huku huku, uliopandwa na wale waliokuja zamani za ukoloni, Sri Lanka ilipokuwa ikiitwa Ceylon. Akashika kichwa. “Afrika?” Akawaita majirani, nikalazimika kuanza upya. Tangu siku hiyo kila jioni ananiuliza: mkubwa kiasi gani, una uzio, nani anaumwagilia? Sina la kumjibu. Wewe na mimi tumepita pale miaka yote ile tukienda kazini, tukiuona kwa nje tu.

Tafadhali nenda, shoga. Waombe ruhusa watawa, vua viatu, lipige picha shina lake na uniandikie kila ulichoona. Na kama kuna jani limeanguka lenyewe, liombe. Usichume hata kama hakuna anayekuangalia. Mdogo wake Zuhura anakuja mwezi wa nane, atalibeba ndani ya daftari. Amma ana miaka mingi na magoti hayamsaidii, Dar hataiona. Nataka alishike hilo jani mkononi. Nalitaka sana, kuliko hata cheti cha chai.

Haya niambie: utakwenda lini? Jumamosi utaweza, au bado unashinda dukani? Mama Tunu alipata ile nyumba ya Kigamboni? Shamsa amefaulu hesabu? Na Idi, kakulipa hela zako au bado anapiga chenga? Nikuletee chai ya aina gani, ya majani makubwa au ile ya vumbi ya kuchemshia maziwa?

Nijibu haraka, Amma ananisubiri mlangoni.

Wako,
Mwajuma