Idi Mubarak, na hesabu ya watoto wanane

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki. Mwezi umeandama (wenzetu wengine walishaiswali jana, tusigombane), nami natimiza wajibu: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia.

Mwaka ulikuwa mzito. Sukari na mafuta ya kula vimepanda hadi mkate wa sinia umekuwa wa kuonja tu. Mtaani kwetu nguo mpya wamevaa watoto. Wakubwa tumepiga pasi za mwaka jana.

Baada ya swala watoto walikuja kutaka mkono wa Idi. Kila mmoja nilimuuliza kwanza: kwenu mko wangapi? Walikuwa wanane. Watano walijibu, "Tuko watano." Wawili, "Tuko wawili." Mmoja, "Niko peke yangu." Ukisikiliza midomo tu, utaapa mtaa huu umejaa nyumba za watoto watano. Kumbe wametoka nyumba tatu, na yenye watano ni moja.

Nikakumbuka hoja ya mwanasayansi Fergus Simpson, iliyochapishwa mwaka 2016. Zipange nchi zote kwa idadi ya watu, anasema, na zaidi ya asilimia 98 ya wanadamu watakuwa kwenye nchi kubwa kuliko ile ya katikati. Basi kama kuna viumbe wengine wenye akili huko kwenye nyota, anayejiuliza "je, sisi ni wa kawaida?" yamkini katoka nyumba iliyojaa. Sisi, tuliofika bilioni 8 mwaka 2022, huenda ndio wale watano. Wenzetu huenda ni wachache zaidi, na kwa kuwa wanyama wakubwa huwa haba kuliko wadogo, anakisia kwamba jamii nyingi za viumbe hao zina uzito unaozidi kilo 300. Fundi wa kanzu zao ana kazi!

Ni makisio, ndiyo. Mpaka sasa aliyejibu ni mtoto mmoja tu, naye ni sisi wenyewe. Lakini ndugu zangu, kila swala tunasoma Rabbil-alamin, Mola wa walimwengu wote, kisha tukitoka msikitini tunaupima ulimwengu kwa kibaraza chetu. Tunasema "watu wamefuturu vizuri Ramadhani hii" kwa kuwa waliofuturu vizuri ndio tuliokaa nao. Mwenye njaa na haya zake hapigi hodi. Asiye na salio hatumi salamu. Tuogopeni hesabu ya sauti zinazotufikia! Funikeni sahani ya pilau, mkabishe hodi kwenye mlango ambao haukutuma mtoto asubuhi hii.

Nyumba ya nne mtaani ni ya mama. Ina kufuli tangu Rajabu, nayo haikuleta jibu. Lile swali la "mko wangapi" lilikuwa lake. Mimi nimeliuliza leo kwa mara ya kwanza, na sauti ikanikauka kwa mtoto wa tatu.

Kullu aam wa antum bikhair.