Kwa Rehema, kuhusu ile kadi ya kliniki

Tandika, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, Salum yupo la tatu sasa, na joto la Dar unalijua mwenyewe. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Uliposema unakula mlo mmoja kwa siku ili mtoto aliye tumboni asiwe mkubwa akakusumbua kutoka, usingizi ulinipotea. Ndiyo maana nakuandikia, nisije nikapiga simu nikaishia kukugombeza.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari za Salum. Naanza mimba ile mizani ilisema kilo 71, na kwa urefu wangu huu huo tayari ulikuwa uzito wa kuzidi. Mama mkwe akaniambia kula, mko wawili. Nikala kweli: chapati za asubuhi, chipsi mayai za jioni, soda baridi kila jua linapowaka. Mwezi wa tisa nilikuwa na kilo 95. Muuguzi alikuwa akiandika namba kwenye kadi, anafunga, anaita mwingine. Hakuna aliyeniambia kitu, nami sikuuliza.

Salum akazaliwa na kilo 4.4. Ndugu walishangilia, jamani jitoto! Saa moja baadaye nikaona mikono yake inatetemeka kama mtu wa homa, kisha akalegea, hataki ziwa. Wakamchoma kisigino kidogo, tone la damu kwenye kipimo: sukari imeshuka. Baadaye daktari mmoja mama wa makamo alikaa kitandani kwangu akanieleza. Sukari ya mama inapita kwenye kondo kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama, ile inayoshusha sukari kwenye damu, haipiti. Kwa hiyo mama akiwa na sukari nyingi, kongosho la mtoto linafanya kazi ya ziada kutengeneza insulini yake, na insulini hiyo inamjaza mafuta. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, insulini bado ipo. Ule ndio ulikuwa mtetemeko wa mwanangu. Akaniambia pia kwamba watoto wa namna hii wana uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa kupita kiasi na kupata kisukari ukubwani. Haina maana kwamba lazima, ila ndiyo sababu kwangu soda haiingii ndani, na Salum anacheza mpira hadi magharibi.

Sasa usiseme "basi heri mimi ninayejinyima." Sikiliza hili. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula na watu wakafa njaa. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule walifuatiliwa hadi uzee. Wale ambao mama zao walishikwa na njaa mwanzoni mwa mimba walipata zaidi maradhi ya moyo na unene. Wale walioikuta njaa mwishoni walizaliwa wadogo, na ukubwani miili yao ilishindwa kuimudu sukari. Huko Uingereza nako, David Barker na wenzake walipekua madaftari ya zamani ya wakunga wa Hertfordshire, wakaona kwamba waliozaliwa na uzito mdogo ndio waliokufa zaidi kwa moyo. Mtoto tumboni anajipanga kwa chakula anachokipata. Akikuta kidogo, mwili wake unajifunza kubana na kuweka akiba. Halafu anakuja kukua kwenye mji wenye chipsi kila kona!

Na hiyo njia ya uzazi unayoihofia, Rehema, haipanuki kwa kushinda na njaa. Ila mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 anapata tabu ya baridi, ya kupumua, ya maradhi.

Wewe mwembamba tangu shule. Mwongozo wa Marekani wa 2009, ambao unatajwa sana, unasema mama aliyeanza akiwa mwembamba sana aongeze kilo 12.5 hadi 18 kwa mimba nzima, mwenye uzito wa kawaida 11.5 hadi 16, aliyezidi kama mimi 7 hadi 11.5. Umeniambia uko mwezi wa sita na umeongeza kilo tatu tu. Ni kidogo, shoga. Sisemi ule kwa ajili ya watu wawili. Rudisha milo yako mitatu, katikati weka ndizi, karanga, kikombe cha maziwa. Mayai kula, hizo habari za mtoto kuzaliwa hana nywele ziache, mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba nesi ndiye kasema. Ule udongo unaotafuna nao uache, unashibisha bure na unaharibu damu.

Jumatatu nenda kliniki, usingoje tarehe. Waulize uzito wako umekwendaje tangu mwanzo, na kwa kuwa mama yako ana sukari, omba wakupime na wewe. Kisha piga picha ule ukurasa wa kadi unitumie.

Jumamosi natuma mzigo kwa basi: dagaa wa Kigoma, karanga kilo mbili, na unga wa uji niliousaga mwenyewe. Mwambie shemeji aende stendi ya Kange akaupokee kabla ya saa kumi. Dagaa waoshe kwa maji ya moto, wana mchanga.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi