Simbilisi wangu anatafuta wenzake, si sufuria

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina simbilisi jike, kahawia mwenye baka jeupe shingoni, na ninamtafutia nyumba. Sijamchoka. Walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, mali ya mjukuu wangu. Mjukuu kaenda bweni, na huyo wa pili kicheche alimchukua wakati wa masika.

Tangu hapo amebadilika. Zamani akisikia tu gunia la majani linakokotwa uani, alipiga mluzi hadi majirani wakasikia. Sasa anakaa pembeni, anakula kidogo, na usiku anaguguna waya wa banda. Nimemkagua meno, maana meno yao hayaachi kukua, nikayakuta sawa. Nimemtazama macho na pua, hana mafua. Kinachomsumbua ni upweke.

Najua nitachekwa. Hapa Uyole ukisema simbilisi, mtu anakuuliza unamla na ugali au na ndizi. Siwasemi vibaya wanaomla. Hata huko alikotokea, kwenye milima ya Andes kule Peru, analiwa tangu enzi na enzi. Ila nakumbuka jiko la mama yangu: simbilisi walizagaa kundi zima, wakikimbizana nyuma ya mafiga. Hapakuwa na nyumba yenye simbilisi mmoja. Huu mtindo wa kumnunulia mtoto mmoja ndani ya boksi, kama mwanasesere, umekuja juzijuzi, na wauzaji wanauachia kwa sababu pesa ni pesa. Uswisi sheria imekataza tangu 2008 kumfuga peke yake. Sisi hatuhitaji sheria, wazee walishatuonyesha.

Watu wamejitokeza, tatizo ni wanacholeta. Jirani mmoja alikuja na dume, tena dume zuri. Nikamnywesha chai, akaondoka na dume lake. Nimefanya kazi ya ukunga hadi nikastaafu, kwa hiyo hili mnisikilize. Simbilisi jike asipozaa mapema, kabla hajafikisha kama miezi saba, kiungo cha mbele cha nyonga hukaza. Mimba yao ni siku 60 hadi 70, na kichanga hutoka mkubwa, ana manyoya, macho wazi, meno yapo. Nyonga iliyokaza haimpitishi. Wangu ana zaidi ya miaka miwili na hajawahi kuzaa. Dume kwake ni kifo, labda awe amehasiwa.

Mwingine alitaka amchanganye na sungura wake, eti wanafanana. Hawafanani hata lugha. Teke moja la sungura linaweza kumvunja mbavu, na kuna vimelea ambavyo sungura anaishi navyo bila shida lakini simbilisi vinampa homa ya mapafu.

Ninayemtafuta ni mtu wa Mbeya, au hata Tukuyu, Makambako au Njombe, ambaye tayari anafuga majike. Asimtumbukize humo siku ya kwanza. Amweke kando wiki mbili au tatu aone kama ana ugonjwa, kisha awakutanishe mahali papana penye maficho ya kutosha na majani mengi. Watafukuzana kidogo, wapangane nani mkubwa, waache. Ugomvi wa damu ndio wa kuamulia.

Apewe majani mabichi kila siku, kiangazi kisiwe kisingizio, kwani kama sisi binadamu, hajitengenezei vitamini C mwilini. Mchunga anaupenda mno, na hoho mbichi. Majani ya viazi mviringo na ya parachichi hapana kabisa, ni sumu, na kwetu huku ndiyo yanayokuwa karibu na mkono. Baridi ya Juni na Julai anaivumilia akiwa na nyasi kavu nyingi na sakafu isiyo na unyevu.

Mjukuu nimeshazungumza naye, ameridhia. Namba yangu ya simu anayo mhariri. Banda natoa bure na nauli ya kumfikisha nalipa mwenyewe. Atakayekuja nitamwomba kwanza anionyeshe picha ya hao majike wake, na akija na mfuko wa mkaa begani, asigonge.

Bibi, mkunga mstaafu,
Uyole, Mbeya