Kwa mdogo wangu wa Mwanga, Kigoma, kabla hujakata vitenge

Mdogo wangu,

Hujambo? Picha ya mfuko wako wa vipande nimeiona, na wazo lako la kushona Ziwa Tanganyika usiku, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa, nimelipenda sana. Nakujibu hapa hadharani ili na wenzako wanaokusanya mabaki kwa mafundi cherehani wa Kigoma na Ujiji wafaidike. Nakuomba usikate hata kipande kimoja kabla hujamaliza kusoma, maana mfarishi wa viraka (nguo ya matabaka matatu inayoungwa kwa vipande vya vitambaa) huharibika zaidi mezani kuliko kwenye cherehani.

Anza kwa kutenganisha vitambaa. Chomoa uzi mmoja kutoka kila kipande, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha tone gumu. Vya poliesta viweke kando vyote, hata vikiwa vizuri namna gani: pasi ya mkaa itaviyeyusha, na ukiviunga na pamba, pamba itanywea ikifuliwa vyenyewe vibaki vilevile, na mshono utakunjamana.

Pamba yote ifuliwe kabla ya kukatwa. Vipande vidogo vifunge ndani ya kipande cha chandarua kuukuu visichuruke nyuzi. Kaniki na vitenge vya buluu nzito au nyekundu vifuliwe peke yake, kisha gandamiza kila kimoja kikiwa kibichi kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama, rudia kusuuza. Wapo watakaokwambia uloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Kwa kitambaa kilichotiwa rangi kiwandani usitegemee hilo. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Penye doa la mawese, paka sabuni, fua, kisha anika juani kikiwa bado na unyevu, kwa sababu ile rangi ya chungwa hupaushwa na jua. Likitoka, anua mara moja, la sivyo na kitenge chenyewe kitapauka.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Umepanga vipande vyako kwa rangi: buluu huku, kijani kule. Vipange upya kwa giza na mwanga. Fanya mafungu matatu, vyeusi-vyeusi, vya kati na vyeupe-vyeupe, halafu vipige picha kwa simu na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa. Nyekundu na kijani zilizokuwa zikigombana zitaonekana kitu kimoja, na kitenge ulichodhani ni cheusi kitajitokeza chenye maua meupe makubwa. Jicho la mtazamaji, kwa mbali, linasoma hiyo picha isiyo na rangi kwanza. Bisa Butler, Mmarekani ambaye baba yake ni Mghana, hushona sura za watu kwa vitambaa vya aina ya vitenge, na nyuso huweza kuwa zambarau au buluu, lakini unamwona mtu kamili, kwa sababu mwanga na giza vimekaa mahali pake.

Kwa ziwa lako, anga iwe kaniki tupu, isiyo na ua. (Kaniki na marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, zilikuwa miongoni mwa nguo zilizopita njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, zikitumika kama fedha, kwa hiyo kaniki ina haki yake ya kukaa katika picha ya Kigoma.) Maji yawe vitenge vya buluu nzito vyenye nakshi ndogo. Nakshi kubwa, kama ndege mzima, ukiikata inchi nne unabaki na nusu bawa lisilosema kitu. Na usiweke mwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huzidi nguvu taa zao na samaki hawakusanyiki. Milima ya Kongo nayo usiku huo haionekani, hivyo usiihangaikie.

Vipimo: tengeneza inchi 36 kwa 48. Kata miraba ya inchi 4 na nusu, akiba ya mshono robo inchi kila upande, kila mraba ubaki inchi 4. Ni miraba 9 kwa upana na 12 kwa kimo, jumla 108. Safu 5 za juu anga, 7 za chini maji. Kata ukifuata uzi wa kitambaa, si mshazari, kwa kuwa mshazari huvutika. Kabla ya kuendelea, unga miraba 3 na uipime: lazima iwe inchi 12 na nusu. Ikipungua, mshono wako unakula kitambaa. Usilidharau hilo. Ukizidisha nusu ya robo inchi tu kila upande, mishono 8 ya safu moja itakula inchi 2, na safu hazitakutana. Piga pasi kwa kuinua na kushusha, usiburute. Mishono ya safu ya kwanza ilale kulia, ya pili kushoto, ili zikiunganishwa zishikane bila kuvimba.

Mitumbwi ibandike juu. Kata robo inchi nje ya mstari wa umbo ulilochora, pinda ndani, shona kwa mkono mishono ya kificho. Penye mbinuko wa ndani chanja kidogo ukingo, usifike kwenye mstari.

Taa usizifanye kwa kitambaa. Duara la njano ukilibandika hubaki duara, haliwaki. Tumia uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6, chukua 2 tu. Katikati weka fundo dogo jeupe, kulizunguka mishono mifupi ya njano mpauko, nje kabisa michache ya chungwa iliyoachana, na kitambaa cha chini kionekane katikati yake. Kivuli cha taa majini ni mishono milalo, mmoja chini ya mwingine, ikishuka kuja kwako: karibu na mtumbwi imebanana, kadiri inavyoshuka inaachana na kuyumba. Karabai mwanga wake unaelekea manjano, taa za betri ni nyeupe. Changanya, lakini taa 7 au 8 zinatosha. Mwanga wa usiku si jambo geni katika mifarishi: Harriet Powers, mshona mifarishi Mmarekani aliyezaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837, alishona hata nyota zilizoanguka (vimondo) usiku wa Novemba 1833, kabla hajazaliwa. Ni mifarishi yake miwili tu inayojulikana kubaki, na leo imo katika majumba ya makumbusho Marekani.

Ndani weka blanketi kuukuu jembamba lililofuliwa. Sufi huhama na kuganda mabonge, sponji hupukutika. Kitambaa cha nyuma na blanketi viwe inchi 40 kwa 52. Yadi moja na nusu ya kitenge inatosha. Tandika matabaka matatu sakafuni, piga bandi (mishono mirefu ya muda ya kuyashikilia) kutoka katikati kwenda nje, kila inchi 4. Kwa cherehani, tumia sindano namba 16 na mshono mrefu. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini wakati kiguu kinalizuia la juu, ndiyo maana mikunjo hutokea. Bandi nyingi ndiyo dawa. Kwa mkono, uzi usizidi inchi 18, vinginevyo utajisokota na kuchakaa. Majini shona mistari milalo, angani shona mistari michache, isiachane zaidi ya kiganja.

Ukingoni zungusha utepe wa upana wa inchi 2 na nusu uliokunjwa katikati kwa urefu. Unahitaji yadi 5 hivi; kata vipande 5 vya upana wa kitenge ili ibaki akiba ya kuviunga.

Nyuma, juu, shona mfereji wa inchi 4 wa kupitishia ufito, uutundike ukuta usiopigwa na jua. Na andika jina lako na mwaka kwa uzi, usitumie kalamu, kwa sababu wino hufifia.

Ukishapanga miraba yote sakafuni, kabla hujaunga, nitumie ile picha isiyo na rangi. Wasalimie wote hapo nyumbani.