Mwanangu, usibebe mzigo wa mtu

Magomeni, Jumapili usiku

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mguu wa mama yako unasumbua lakini si wa kukutia wasiwasi. Nimeona nikuandikie kabla hujarudi kutoka Tanga, maana ukishafika nyumba itajaa watu wa kukuaga, na mimi mbele za watu maneno hunikauka. Dada yako ataipiga picha karatasi hii akutumie. Isome peke yako, usimsomee bibi yako.

Juzi redioni wamesema tena. Kijana wa kwetu amekamatwa uwanja wa ndege, nchi za watu, na begi analosema alipewa tu alipeleke. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja, nikaiunguza karibu na goti. Miaka yote hii sijaunguza nguo.

Basi neno langu ni moja: usibebe mzigo wa mtu. Hata wa shangazi yako. Hata bahasha.

Najua utacheka, utamwambia dada yako baba ameanza na Monte Cristo yake, ile riwaya ya Kifaransa. Ndiyo, nimeanza. Kitabu nimekishusha kabatini wiki hii, kimeliwa na mende ubavuni lakini kinasomeka. Na wewe meli unakwenda kuipandia Marseille, mji uleule wa kitabuni, kwa hiyo mwenye kosa si mimi. Zamani nilikuwa nakimbilia hazina na kisasi kama kila mtu. Safari hii sijavuka kurasa za mwanzo. Kijana wa miaka 19, Dantès, baharia, kesho kutwa anapewa meli, mchumba yupo. Nahodha wake anakata roho, anamwachia pakiti aipeleke kisiwa cha Elba, alikofungiwa Napoleon, mtawala aliyeondolewa. Anaipeleka. Elba anapewa barua aifikishe Paris. Anaipokea. Haulizi ndani mna nini, kwa heshima ya marehemu. Barua moja, mwanangu, miaka 14 gerezani. Aliyemfunga aliichoma moto kwa kuwa ilikuwa inakwenda kwa baba yake yeye mfungaji, basi hata ushahidi wa kumtetea ukawa jivu.

Heshima ndiyo iliyomponza. Na wewe unayo nyingi mno. Mwaka jana ulimdhamini rafiki yako kwenye kikoba, akahama, nani alilipa? Huwezi kusema hapana. Umerithi kwa mama yako. Au kwangu, sijui.

Mambo ya barazani Kariakoo, tulipokuwa tunashona, unayajua, siyarudii. Lakini hili la gunia hukuwepo, ulikuwa tumboni. Tulikuwa vyerehani saba. Mimi ndiye niliyekuwa nacho kile kitabu, nilikiokota kwa wauza vitabu wa chini pale Posta, hakina jalada, Kiingereza tupu, na kamusi pembeni. Usiku nasoma, mchana nasimulia kwa Kiswahili, kipande kwa siku, na nilikuwa nakata pale panapouma ili kesho wawahi kazini. Mwandishi mwenyewe, Alexandre Dumas, ndivyo alivyokitoa, gazetini Paris, vipande vipande kuanzia 1844 hadi 1846, na watu wakawa wanakaa kulingojea gazeti. Kwa hiyo usiniite mjanja, nilifuata mwenye mali.

Tukafika pale Dantès anapoitoa maiti ya Padri Faria, mfungwa mwenzake, guniani, anaingia yeye ili atoroke, anashona mdomo wa gunia kutokea ndani. Mafundi wakagoma. Kuzimu kukubali, bahari kukubali, mshono hapana. Haiwezekani! Mmoja akaleta gunia la mchele, sindano ya gunia na uzi wa katani, akaingia mpaka kichwa. Tukawa tunaiona ncha ya sindano inatoka, inarudi ndani, inatoka tena sentimita tatu mbele, mishono mirefu imelegea kama ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Wateja wawili wamesimama na nguo zao mkononi. Gunia likafungwa. Watu wakapiga makofi. Kisha ikaja kazi ya kumtoa, kwa sababu mkasi aliuacha nje. Dantès yeye aliingia na kisu, ndiyo maana walipomtupa baharini na tufe la mzinga miguuni aliweza kujikata kamba.

Walimpenda Dumas wale kuliko nilivyompenda mimi. Siku nilipowaambia bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa mweusi, huko ambako leo ni Haiti, na baba yake akapanda mpaka jenerali katika jeshi la Ufaransa, fundi wa kola alisimamisha cherehani akasema, "Kumbe mwenzetu!" Tangu hapo akamwita Babu Duma. Niliposoma kwamba Kuba wasokota sigara walikuwa wakichangishana kumlipa mtu awasomee wakiwa kazini, na kwamba jina la sigara ya Montecristo, ya mwaka 1935, inasemekana lilitokana na walivyokipenda kitabu hiki, niliwaonyesha wenzangu makusudi. Wakakubali kunimalizia vifungo vyangu. Malipo yangu yakawa hayo, vifungo na chai ya rangi.

Sasa kuna kitu niliwaficha, na wewe pia. Kuna jirani mmoja kwenye hadithi, Caderousse. Nilisema ni muuza nyama. Siyo. Ni fundi cherehani. Kakaa mezani kalewa wakati barua ya kumchongea kijana inaandikwa kwa mkono wa kushoto, mwandiko usitambulike. Kesho yake askari wanapomchukua kijana kwenye karamu ya uchumba, anataka kusema, anatishwa kidogo tu, ananyamaza. Baba wa kijana akafa kwa njaa chumbani kwake, na fundi yupo jirani. Sikuweza kulisema hilo mbele ya vyerehani saba. Ndivyo nilivyojiambia.

Unamkumbuka yule kaka wa pale barazani aliyekuwa anakupakata ukanyage pedeli. Tulikuambia amerudi kwao Tunduru. Hakurudi Tunduru. Alipewa mzigo na mteja, akakamatwa nao. Mteja yule nilikuwa na mashaka naye, na nilimwona akimkabidhi. Nilikuwa na oda yake ya sare, jozi sitini, na Januari ilikuwa imekaribia.

Bati la jikoni limevuja tena, nimeweka ndoo. Fundi anataka bati mbili mpya, mimi nasema moja inatosha. LUKU dada yako ameongeza, lakini friji linakula umeme kama lina watoto. Kuku wa mama yako wamebaki wanne, usiulize.

Kitabu chako cha baharia alichokileta dada yako nimekitazama, picha umekunja uso kama unadaiwa. Mama yako ameshakionyesha mtaa mzima, hadi kwa muuza mkaa. Ukoo wetu watu wamevua, wamepiga makasia, hakuna aliyewahi kuitwa kadeti. Mimi sikukionyesha kwa mtu, lakini nimekifungua mara nyingi kuliko yeye. Ungekuwa umesikia nilivyokuwa nataka, ungekuwa mhasibu na unalala nyumbani. Haya.

Ukipata siku moja kabla ya kupanda meli, kule Marseille kuna boti kutoka bandari ya zamani zinazokwenda Château d'If. Ni ngome ya kweli na ilikuwa gereza la kweli. Wanawaonyesha watalii hadi chumba cha Dantès, mtu ambaye hakuzaliwa! Nipigie picha ya dirisha kama lipo, na ya bahari kutokea juu, nione alianguka umbali gani. Nauli ya boti nitakupa, usiiguse ya chakula. Na ukikutana huko na Mtanzania mwenzako, akakuambia dada nisaidie kimfuko hiki tu mpaka bandari ya mbele, wewe mwambie baba yangu ana wazimu, kanikataza. Nisingizie mimi. Nimekubali.

Koti lako nimelimaliza. Ndani kushoto kuna mfuko wa zipu wa pasipoti, nimeupigia mshono mara mbili, na kulia kuna mwingine mdogo wa pesa ambao hauonekani mpaka uguse pindo. Mifuko ya nje nimeishona ikafungwa kabisa. Dada yako anasema ni ushamba. Mtu asije akakutumbukizia kitu kwenye foleni, ndiyo nia yangu. Mikono sina uhakika na urefu wake, ukifika Alhamisi ulivae kwanza kabla hujala.

Na jirani wetu wa kona amekuja jana na mfuko wa kumpelekea mwanawe aliye huko Ufaransa. Nilipokea. Mdomo ulisema sawa kabla sijafikiri, unajua alivyotusaidia mama yako alipolazwa. Usiku nimeufungua. Mna dagaa wa kukaanga, kanga doti moja, na chupa ya mafuta ya rangi ya chai isiyo na karatasi yoyote. Nimeinusa, ni mafuta ya nazi. Nadhani ni ya nazi. Nimeifunika, nimeurudisha mfuko juu ya kabati, na kesho asubuhi namrudishia vyote mwenyewe, dagaa na kila kitu. Ataninunia mpaka Ramadhani.

Msalimie bibi. Usisahau kuniletea machungwa ya Muheza, yale madogo.

Baba yako