Barua kwa mwanangu: yule mume wa galoshi

Mwanangu,

Voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni nikaunguza vitunguu, ya pili nikakaa kabisa kitandani nikavaa na miwani, kana kwamba miwani inasaidia kusikia. Nimeona nisikujibu kwa voisi maana nikianza kuongea nasahau nilikotoka, bora niandike, na nitaandika ndefu, baba yako kaenda shambani tangu asubuhi na mvua imeshika huku hakuna pa kwenda.

Kwanza pole kwa kugombana na wenzako darasani kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuwepo. Halafu ngoja nicheke kidogo, hahaha. Yaani watu wazima mmekaa hapo Galway, Ireland, mnarushiana maneno kisa mume wa mtu kwenye hadithi ya 1914! Ila nimekuelewa, kwa sababu hiyo The Dead ya James Joyce uliyonitumia mimi nimeisoma wiki mbili, Kiingereza chake si cha kukimbia nacho, na mwanzoni ni sherehe tu, watu wanakula bata bukini wanaongelea waimbaji waliokufa zamani, nikasema huyu mtoto ananitesa, hayo mapenzi yako wapi? Kumbe yako kurasa za mwisho mwisho huko, yamefichwa kama hela kwenye pindo la khanga.

Unasema darasa liligawanyika, nusu wanamlilia yule kijana Michael Furey, nusu wanamuonea huruma mume, na wewe peke yako ukaanzisha upande wa tatu wa kumchukia huyo mume, Gabriel, kabisa, eti mwanaume anayejipenda, usiku ule alimtaka mkewe Gretta tu, aliposikia mkewe ana kilio chake akaumia yeye badala ya kumuumia mwenzake. Haya. Na mimi nimefanya darasa langu huku, nikuletee majibu.

Wa kwanza ni yule binti wa saluni pale stendi. Nilienda kusuka twende kilioni ya haraka, nikamsimulia yote kichwa kikiwa mapajani mwake. Nikamwambia kulikuwa na mtu na mkewe Dublin, wakaenda kwenye sherehe ya kila mwaka ya mama zake wadogo, theluji inaanguka, wanawaacha watoto nyumbani na dada wa kazi, na hotelini wameshachukua chumba ili mke asirudi usiku kwenye baridi kama mwaka jana alipougua mafua. Sherehe inaisha, watu wanavaa makoti, mume yuko chini mlangoni, anainua macho anaona mwanamke kasimama kwenye ngazi gizani, katulia tuli anasikiliza mtu anayeimba juu, na anamtazama vile kabla ya kujua kwamba ni mke wake mwenyewe. (Hapo binti akaacha kusuka.) Wimbo ni wa zamani, wa mwanamke aliyedanganywa na bwana mkubwa, kasimama mvuani mlangoni kwake na mtoto aliyepoa kwa baridi mkononi. Wakifika hotelini mume moyo umeshawaka, mke analia. Kulikoni? Anasema namkumbuka kijana aliyekuwa akiuimba huo wimbo, nikiwa binti Galway, kwa bibi yangu, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi, mgonjwa, na usiku wa mwisho kabla sijapelekwa kwa masista Dublin alitoroka kitandani akaja kusimama bustanini chini ya mti kwenye mvua. Nikamwambia rudi nyumbani utakufa, akasema hataki kuishi. Wiki moja baadaye nikaletewa habari amekufa, ana miaka 17. Mke analia mpaka usingizi unamchukua na mume anabaki macho anatazama theluji dirishani.

Nilitegemea binti atalia. Akavuta uzi akasema, "Mama, huyo kaka angeishi wakaoana, miezi sita tu wangegombania nani anunue Luku." Nilicheka mpaka akanivuta nywele.

Wa pili ni mama mchungaji. Yeye nilimpa aisome kwenye simu maana Kiingereza anacho. Akarudisha kesho yake, hakusema Gabriel kafanya nini wala Gretta kafanya nini, akauliza swali moja tu, "Huyu dada aliwahi kwenda kwenye kaburi?" Nikamwambia hadithi inasema kijana alizikwa Oughterard kwa watu wao, lakini kama Gretta alifika haisemi. Akasema basi ndiyo maana. Akanyamaza, nikaona nisichokonoe.

Wa tatu yule mwalimu mwenzangu wa Jiografia, unamjua kwa ubishi, yeye kamkamata Gretta moja kwa moja, eti mambo ya ujana unayafukua ya nini mbele ya mume, ndoa ni kufunga mdomo. Sikumjibu sana. Watu wanaosema hivyo wana lao, na tangu nimjue hajawahi kusema la kwake.

Na baba yako. Nilimsimulia tunakula. Akasikiliza mpaka mwisho, akamung'unya nyama, akasema, "Sasa kwa nini huyo mtoto hakuvaa koti?"

Mwanangu, nilitaka kumpiga na mwiko. Halafu usiku usingizi ukagoma nikaanza kuliwaza lile swali, nikawasha simu nikarudi mwanzo wa hadithi, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nadhani nyie darasani mmekiruka. Unakumbuka pale wanapofika tu kwenye sherehe, mke anamtania mume mbele ya wale mama wadogo kuhusu galoshi? Vile viatu vya mpira vinavyovaliwa juu ya kiatu ili kisilowe. Anasema siku hizi ardhi ikiwa na maji kidogo tu lazima nivae galoshi, hata leo alitaka nivae nikakataa, kesho ataninunulia nguo za mzamiaji. Wote wanacheka. Na tunaambiwa mtoto wao wa kike analazimishwa uji ambao hataki hata kuuona, wa kiume anavalishwa kinga ya macho usiku na kunyanyua vyuma. Nilipoisoma mara ya kwanza nikasema huyu baba msumbufu, nikapita. Mara ya pili, nikijua mwisho wake, nikaganda. Maana huyu mwanamke kijana mmoja alimfia kwa kulowa mvua, halafu akaolewa na mwanaume ambaye kazi yake duniani ni kuhakikisha halowi! Na mume hajui. Miaka yote anamvalisha galoshi hajui anafukuzana na mvua gani, na mke anacheka, naye hasemi.

Sasa niambie hicho kicheko ni cha namna gani. Mimi sijui mpaka leo.

Sikatai, Gabriel ana makosa. Yule Miss Ivors, mgeni mwenzao wa sherehe, alipowaalika waende visiwa vya Aran huko Galway mke akaruka kwa furaha, natamani sana kuiona tena Galway, na mume akajibu kwa ubaridi nenda kama unataka. Hapo hata mimi ningemnunia mpaka Pasaka. Na hotelini aliposikia kuna kijana akauliza kwa kejeli, alikuwa nani huyo, akidhani atajibiwa jina la mtu mkubwa, akajibiwa kiwanda cha gesi, kejeli ikamrudia mwenyewe usoni. Ulisema pale ulishangilia. Shangilia. Lakini endelea kusoma mbele, angalia anafanya nini na aibu yake. Anaushika mkono wa mkewe kidogo, halafu anaona haya kuingilia kilio cha mtu, anauachia taratibu anaenda dirishani. Mke akishalala anamtazama bila hasira. Kwenye kiti kuna nguo zake, kamba ya sketi ya ndani inaning'inia mpaka sakafuni, buti moja limesimama sehemu ya juu imelegea, lenzake limelala ubavu. Mtu anayeona buti la mkewe limelala ubavu, mimi siwezi kumuita mbinafsi moja kwa moja. Halafu anakiri moyoni kwamba yeye hajawahi kumpenda mwanamke yeyote kiasi kile, ila anajua kwamba kile ndicho kinaitwa mapenzi. Nyie mkaona kajihukumu, kesi imeisha. Mimi nikaona ni mwanaume wa kwanza kwenye ile hadithi kusema ukweli bila hotuba, na alikuwa na hotuba mfukoni jioni nzima.

Halafu zile picha ulizotuma za kanyumba ka kina Nora, mke wa Joyce, pale Bowling Green, jamani kadogo vile, nilizikuza nikaangalia mpaka jiko. Ulivyonieleza kwamba Nora Barnacle mwenyewe alikuwa na kijana wake, Michael Bodkin, kafa kwa kifua kikuu 1900 na kazikwa Rahoon, na kwamba eti aliwahi kutoka kitandani mgonjwa akaja kumuimbia mvuani, nilimkasirikia Joyce kweli. Umemchukua binti wa watu 1904 ukaondoka naye mpaka Trieste, hamjafunga hata ndoa (walifunga 1931, watoto wameshakuwa watu wazima!), anakupa siri ya moyo wake, na wewe 1907 unakaa mezani unaiandika watu wasome? Mimi ningemchemshia maharage mawe mwezi mzima.

Ila baadaye nikaona jambo. Huyu mtu alikuwa na wivu na yule marehemu, hilo linajulikana, na angeweza kumfanya kijana kichekesho. Badala yake marehemu kampa mvua, mti, sauti na yale macho, kila kizuri. Galoshi kajivalisha yeye. 1909 akaenda Galway akakaa na mama yake Nora jikoni, akamuomba amuimbie ule wimbo. 1912 akapanda baiskeli mpaka Oughterard, kilomita ishirini na kitu kwenda tu, kuangalia makaburi ya hadithi aliyokwisha kuiandika, akasema yako vilevile alivyoyawaza, na jiwe moja limeandikwa J. Joyce. Fikiria mtu anapiga baiskeli kumtafuta mpinzani wake, anakuta jina lake. Mwaka huohuo mchapaji wa Dublin akaziharibu kurasa za kitabu kizima chenye hadithi hii, Dubliners, kwa kuogopa lawama, ndiyo kikaja kutoka London 1914. Kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa kukikataa hawakuwa darasa lenu, usijione.

Filamu nayo nimeiona, ile ya John Huston ya 1987, laptopu ya mdogo wako ikikwama kila dakika tano. Mzee aliiongoza kwenye kiti cha magurudumu, mpira wa oksijeni puani, akafa kabla haijatoka, na Gretta kaigizwa na binti yake Anjelica. Pale kwenye ngazi kajitanda shali kichwani, hasemi kitu, anasikiliza tu, mimi nilikuwa simtazami Gretta tena, nilikuwa namuwaza yule baba nyuma ya kamera anamwambia binti yake simama hapo, usisogee. Baba yako alilala mwanzoni kabisa, akaamka kwenye theluji akauliza kama wamefika.

Sasa tuje kwenye dakika ya tisa ya voisi yako. Ulidhani sijasikia? Ulivyoipitisha haraka kama mtu anapitisha mfuko wa rambo mbele ya mgambo, eti "na yule kaka nimeachana naye, alikuwa Gabriel mtupu." Nimerudisha nyuma mara tatu. Yule kaka aliyekuwa anakutumia utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi? Anayekuuliza umekula? Sikuambii umrudie, huenda ana makosa ambayo mama haambiwi, na kama ni wa kukujibu kwa ubaridi nenda kama unataka basi mwache aende na salamu zangu. Lakini kama kosa lake ni kwamba hajasimama mvuani chini ya dirisha lako, hebu kaa chini uniandikie vizuri, kwa maneno, si voisi, alikukosea nini hasa. Na kingine, hadithi inaisha usiku, wasomaji wote mnahukumu usiku uleule, hakuna aliyeuliza asubuhi yake nani aliamka wa kwanza na alisema nini, maana walikuwa na safari ya kurudi kwa watoto na huo uji. Nimeliwaza sana hilo. Wapelekee darasani.

Na ukipata nafasi pita Rahoon, si mbali na ulipo, mama mchungaji kaomba. Si lazima upige picha.

Baba yako huyo namsikia getini anapiga hodi, kasahau funguo tena. Alipiga simu mchana kwamba koti la mvua kalifunikia mifuko ya mbolea isilowe, kwa hiyo yuko hivyohivyo na shati, na mvua ndiyo kwanza inazidi, anaita jina langu utadhani mtaa mzima hausikii. Ngoja nikamfungulie.

Mama yako