Joto Halina Mwenyewe

Houston, Texas
Mwezi wa Mei

Kwako ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, watoto wanakua, na shemeji yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nimelala chali, miguu nimeiegemeza ukutani, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Eti "mtoto wa Mombasa akashindwe na jua la Wazungu?" Basi leo nimekaa nikuandikie, maana jambo hili halienei kwenye ujumbe wa sauti, na wewe nasikia umeshaanza kusema unataka kujiandikisha.

Kwanza habari yenyewe: nimemaliza Ironman, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo. Si kwa kasi ya kujivunia barazani, lakini nimemaliza kwa miguu yangu na nikala chakula changu usiku ule ule. Masafa unayajua: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima ya kilomita 42.2, na yote hayo uyamalize ndani ya saa 17. Hii Ironman ya Texas hufanyika The Woodlands, kaskazini ya Houston, tangu mwaka 2011. Zamani ilikuwa Mei, siku hizi ni Aprili. Usidanganywe na hiyo Aprili, bwana. Huku Aprili jua limeshavua viatu na kuingia ndani.

Sasa hilo la mtoto wa Mombasa. Mimi nawe tumezaliwa kwenye joto, sawa, lakini tulichofundishwa ni kulikwepa. Nani pale Mji wa Kale ulimwona akikimbia saa nane mchana? Mwizi, na wanaomfukuza. Wazee walijenga vichochoro vyembamba ili nyumba zipeane vivuli, wakaweka mabaraza panapopita upepo, na kaskazi ikikaza, baada ya adhuhuri mtu alikuwa akijilaza. Marehemu babu yangu alikubali kuzunguka mtaa mzima kuliko kuvuka uwanja wenye jua. Hiyo ilikuwa elimu, Salim. Sisi tukaja tukadhani ni ugumu wa ngozi.

Na mwili wenyewe husahau. Ukiufanyisha kazi kwenye joto kila siku kwa wiki moja au mbili, hubadilika: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na chumvi yake hupungua, moyo nao hupiga taratibu zaidi kwa kazi ile ile. Ukikaa mbali na joto wiki chache tu, vyote hivyo huondoka, hata kama kitovu chako kimezikwa Kibokoni. Mimi huku natoka nyumba yenye kiyoyozi, naingia gari lenye kiyoyozi, naenda ofisi ambayo Agosti navaa sweta. Pasipoti ya Kenya haitoi jasho.

Angalia yanayotokea Kona, kule Hawaii, kwenye mashindano ya dunia ya Ironman, ambako barabara inapita katikati ya mawe meusi ya volkano. Mwaka 2022 aliyeshinda kwa wanaume ni Gustav Iden, kwa saa 7 na dakika 40, na hakuna aliyekuwa amewahi kuimaliza njia ile kwa kasi hiyo. Anatoka Norwei! Oktoba 2025 wakashindana wanawake, akashinda Solveig Løvseth, wa Norwei naye. Watu wa theluji, bwana. Iden na mwenzake Kristian Blummenfelt wanajulikana kwa kufanya mazoezi ya joto kwa makusudi na kupima joto la ndani ya mwili, kitu ambacho sisi tunadhani tumekirithi. Siku hiyo ya wanawake, Lucy Charles-Barclay, bingwa wa 2023, alijitoa katikati ya mbio. Taylor Knibb alikuwa anaongoza, zimebaki kilomita chache, akakaa chini kando ya barabara na safari yake ikaishia pale. Na hao ndio kazi yao.

Kwa hiyo Idi ilipopita tu, nilianza upya kama mtu asiyelijua jua. Baiskeli niliifunga kwenye gereji, mlango nimeufunga, feni nimeizima, nakanyaga huku chini pamekuwa dimbwi. Nikimaliza naingia kwenye maji ya moto nakaa humo. Shemeji yako alisema amechoka kufua matambara, na jirani mmoja akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa nyumbani.

Siku yenyewe, kuogelea ndiko kulikonipa raha. Ziwa ni la kahawia, mkono wako mwenyewe huuoni, na mwishoni unaingia kwenye mfereji, watu wamejaa kingo zote mbili wanapiga kelele juu ya kichwa chako. Jua jambo moja: maji yakizidi nyuzi 24.5, anayetafuta nafasi ya ushindi haruhusiwi kuvaa ile nguo ya mpira inayomsaidia kuelea, na yakizidi 28.8 ni marufuku kwa kila mtu. Wengi huku hulalamika. Sisi tuliojifunza kuogelea chini ya Fort Jesus, tena na kaptula za shule, hatukuwahi kuelea kwa msaada wa mpira. Hapo ndipo utoto wa Mombasa ulinifaa.

Baiskeli ni Hardy Toll Road, barabara kuu tambarare, mizunguko miwili, saruji tupu, mti hakuna. Upepo unatoka upande wa bahari ya Ghuba ya Meksiko, na upepo huo ni mlaghai. Unakukausha jasho, unajiona mzima, unatamani kuongeza gia, kumbe unamalizika kimyakimya. Katika nguvu inayochomwa na misuli, ni kama robo tu inayosukuma pedali. Iliyobaki yote ni joto, na lazima litoke mahali. Ukiwa unakwenda kilomita thelathini kwa saa upepo unalibeba. Ukishuka na kuanza kukimbia, upepo umebaki na baiskeli, joto umebaki nalo wewe. Niliwaacha wengi wanipite asubuhi ile, na ulimi nikauuma.

Kukimbia ni mizunguko mitatu kando ya ziwa, na hapo ndipo kuna fukuto lenyewe. Hewa nzito, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi, viatu vinalia chwa chwa chwa, lakini halikauki. Na jasho lisilokauka halipozi kitu, linakupotezea maji tu. Kwa hiyo kazi yangu ikawa barafu. Kila kituo cha maji nilitembea, sikukimbia hata kimoja. Navua kofia, wananijazia barafu, naivaa upesi kabla haijamwagika. Gao jingine natia kifuani ndani ya fulana. Hiyo ya kifuani husafiri, Salim. Huteremka tumboni, hukaa kidogo kwenye ukanda wa kaptula, kisha huamua kwenda inakojua yenyewe, na wewe huku unakimbia kilemalema mbele ya watu wenye kamera. Nyingine nashika viganjani mpaka iyeyuke, na inapokwisha najua kituo kingine kimekaribia.

Kwenye kituo kimoja mdomo ulinitoka, "Ya Rabbi, maji jamani." Mama mmoja aliyekuwa anagawa vikombe akageuka kama aliyeitwa jina: "Kunywa mayi, papa, kunywa!" Mkongo, tena wa Bukavu, kama alivyoniambia mzunguko uliofuata. Mzunguko wa tatu alikuwa ameshaniwekea kikombe changu pembeni, na akawa ananitangaza kwa wenzake kuwa ni ndugu yake.

Tumbo ndilo lililonipa taabu. Damu ni ile ile, misuli inaitaka, ngozi inaitaka ijipoze, tumbo linanyimwa. Zile jeli tamu za kutia nguvu zikawa zinakaa tu kama wageni wasioaga. Dawa yake ni moja: punguza mwendo mpaka tumbo likubali tena. Na usije ukabugia maji matupu kwa woga wa kiu. Yakizidi huifanya chumvi ya damu iwe hafifu mno, na hilo limewahi kuua watu kwenye mbio kama hizi. Kunywa kwa kiu, na chumvi uwe nayo.

Nikiwa kwenye mzunguko wa mwisho nilimkuta kijana ameketi ukingoni mwa njia, anatetemeka kwa baridi kwenye joto lile, anamwita mtu ambaye hakuwapo. Tulipiga kelele, wakaja mbio, wakamlaza kwenye beseni kubwa la barafu pale pale. Lishike hili, hata kwa watoto wa timu yako ya mpira: mtu akianza kusema ovyo kwenye jua, mpoze kwanza hapo hapo alipo, kwa barafu, kwa ndoo, kwa chochote, ndipo umpeleke hospitali. Joto la mwili likivuka nyuzi 40 na akili ikaanza kupotea, zile dakika za kutafuta gari ndizo zinazomuua. Huyu baadaye nilimwona amekaa, anakunywa supu.

Kuhusu wewe kujiandikisha: jiandikishe, lakini anza na nusu ya masafa. Njia ya Malindi najua unaipenda, ila siku zote unaondoka Mtwapa alfajiri na saa mbili umeshakaa Kilifi unakunywa chai. Hayo ni mazoezi ya baiskeli, ya joto hayamo. Wiki mbili tatu kabla ya mashindano toka saa nne asubuhi, safari fupi, mwendo wa mzee, na Swaleh akufuate na pikipiki. Matatu za barabara ile sina la kukuambia ambalo mamako hajakuambia.

Shangazi Mwanaisha anasafiri mwisho wa mwezi. Nimempa viatu vyangu vya baiskeli vya zamani, vitakutosha ukivaa soksi nene, na kopo la vidonge vya chumvi. Kopo limebanduka karatasi, kwa hiyo uende mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege wa Moi, asije akaachwa peke yake kuwaeleza watu wa forodha ni vidonge vya nini. Mamako msalimu, mwambie miguu yangu imepona. Ukishajua tarehe niambie mapema nikate tikiti, nije nikushikie barafu.

Ndugu yako,
Athman